Sitasema Bunduki Ile Ni Yangu

Mpanda, Katavi

Kaka Ipyana,

Ugonile. Adabu ya kwetu inataka nikuulize kwanza umelalaje, watoto wamelalaje, na kama mpunga umeingia ndani salama au mvua imeuwahi shambani. Nakuuliza yote hayo na nataka kweli kujua, kwa sababu hasira haijanisahaulisha kwamba tulinyonya ziwa moja. Mimi ni mzima. Mahindi yamekauka yanangoja kuvunwa, ng'ombe wananenepa, na nguruwe pori wa huku wananisumbua vilevile kama mwaka jana. Mwili hauna shida. Shida ni usingizi, hauji, na ukija unakuja na mambo ya huko nyumbani.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu unanikatia. Mara ya mwisho nilifika kwenye jina la Sekela tu, ukasema mtandao unasumbua. Mtandao wa Kyela naujua, hausumbui watu wenye habari nzuri. Barua haikatiki. Naituma kwa basi mpaka Mbeya, kisha mpaka Mbugani kwa shemeji yangu Gwakisa, kaka yake Sekela, na nimemwomba Jumapili mtakapokaa kikao cha ukoo aisome kwa sauti mbele yako, mbele ya mama na mbele ya baba mdogo. Kama unaisikia badala ya kuisoma, kaa vizuri, kaka. Ni ndefu.

Naanza na jibu, maana umelingoja. Ulinipigia sauti imelainika, ukaniita mdogo wangu mpenzi, jina ambalo sikulisikia tangu utotoni. Ukasema, "Lusajo, mtendaji wa kijiji ameanza kuuliza-uliza. Wewe una leseni ya bunduki. Sema tu na hii ya baba ni yako, uliiacha nyumbani ulipohamia Mpanda. Nani atajua?" Kisha ukacheka kidogo, kama tunapanga kumficha mama sukari iliyopungua kabatini.

Jibu ni hapana. Sitasema bunduki ile ni yangu. Mke wangu amepoteza vidole vitatu kwenye uwanja wako, na wewe unaniomba mimi, mume wake, nisimame mbele ya polisi nijiite mwenye bunduki iliyofanya hivyo. Nimelitafakari ombi lako nikiwa nalima, nikiwa nakula, nikiwa njiani, na kila nikiligeuza linanuka zaidi.

Najua kwenye kikao kutakuwa na watu waliotoka Dar na Mbeya ambao wamesikia habari nusunusu, wengine wameambiwa Sekela aliumizwa na mashine ya kukoboa mpunga, wengine wameambiwa alikuwa anachezea silaha. Kwa hiyo nasimulia hapa kama alivyonisimulia yeye akiwa kitandani hospitalini, na mama alikuwepo akisikiliza, na hakumkatiza hata mara moja.

Baba alipofariki tulimlilia, tukamzika, na siku ya kumaliza matanga wazee wakakukalisha kwenye kiti chake, kama desturi yetu ilivyo kwa mtoto wa kwanza. Walikufunika shuka yake. Walikupa mkuki wake, panga lake, jembe lake, na bunduki yake. Mimi nilisema siku ileile, na waliokuwepo wapo, kwamba bunduki isichanganywe na vitu vile. Leseni ilikuwa ya baba, ina jina lake na picha yake, na imekufa naye. Ipelekwe kituoni, kisha anayetaka kuitunza aombe leseni yake mwenyewe, akaguliwe, afundishwe, apewe. Mzee mmoja akaniuliza kama huko Mpanda watu hurithishwa na polisi. Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana kusema kweli ilichekesha. Bunduki ikaingia ndani pamoja na mkuki.

Kwa ndugu zetu wa mjini wasioelewa vizuri mambo ya nyumbani, niseme na hili. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Mwanamke akimwona mkwe wake anakuja njiani, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Hatamki jina lake. Hagusi kiti chake, kikombe chake wala nguo yake. Na mwanaume naye hamsemeshi, na wakikutana kwa bahati mbaya humgeuzia uso. Kyela mjini wengi wameacha, wanakula meza moja na kupiga picha pamoja. Nyumbani kwetu tunaifuata mpaka leo, na mimi sijawahi kuitukana desturi hiyo wala sitaitukana leo. Imetuliza nyumba nyingi.

Lakini ulipokalia kiti cha baba, kaka, ukawa baba. Sekela, ambaye hata kwenye matanga alikuwa akikutania wewe shemeji yake kwamba unakula kama kiboko, alilala ana shemeji akaamka ana mkwe. Alikubali. Mimi niko mbali, yeye ndiye aliyebaki kumsaidia mama, na hakuna aliyewahi kumkuta akikosa adabu. Ulipotoka nje yeye aliingia ndani. Ulipoingia jikoni kutafuta kiberiti yeye alitokea mlango wa nyuma akaacha ugali unaungua.

Bunduki nayo ikaanza kutembea. Baba aliifungia chumbani kwake, na risasi alizificha pengine ambapo hata mama hapajui. Wewe uliifanya ya zamu. Leo ulinde wewe mpunga, kesho jirani, keshokutwa binamu, kila mtu anaipokea akidhani aliyemtangulia ameitoa risasi. Mnaiazimana kama mchi. Mama alikwambia, na yeye na mke wako ndio peke yao kwenye uwanja ule wanaoweza kukwambia kitu. Ukamjibu kwamba siku hizi wewe ndiye baba.

Asubuhi ile ulitoka kulinda. Viboko walikuwa wamepanda kutoka ziwani, ukapiga hewani wakarudi majini, ukaweka risasi nyingine na hukuitumia. Ikabaki ndani. Ulipofika nyumbani uliegemeza bunduki ukutani, kando ya mtungi wa maji ule mama aliouleta kwa mtumbwi kutoka Ikombe, ukavuka uwanja kwenda kukaa bandani na yule mfanyabiashara wa Karonga aliyekuja kuulizia mchele. Mkaletewa chai. Mke wako alikuwa amekwenda gulioni. Mama alikuwa mtoni. Sekela alikuwa ameanika kakao kwenye mikeka mbele ya ukuta uleule.

Manyunyu yakaanza, na mvua ya Kyela haibishi hodi. Sekela akaita watoto wamsaidie kuingiza kakao. Wakaja mbio, Atupele wangu akiwa mbele kama kawaida yake. Magunia yalikuwa yamekunjwa chini ya bunduki.

Sasa afanye nini? Kukuita hawezi. Kuja bandani kusimama mbele yako na kusema umeacha silaha kwenye watoto, hawezi kabisa. Alimtuma binti yako mkubwa. Mtoto akaja, akaanza, "Tata, mama Atupele anasema..." na wewe ukamwambia mtoto haingilii wakubwa wakiongea na mgeni. Hukumwacha amalize. Akarudi kwa Sekela. Sekela akawafukuza watoto, wakaondoka, wakarudi, maana kakao inalowa na wao wameambiwa waikimbize. Atupele akainama kuvuta gunia, na kitako cha bunduki kikateleza kidogo kwenye udongo uliolowa.

Hapo akaamua kuiondoa. Na msikilize alivyoiondoa, ninyi mliokaa na kumwita mwanamke asiye na adabu. Hakuishika kwa mkono. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakizungushia mkono wa kushoto, ili ngozi yake isiguse kitu cha baba mkwe wake. Akashika mtutu juu, karibu na mdomo, mahali alipofikiri ni mbali na penye hatari, maana nani aliwahi kumfundisha? Pindo la kitenge likaning'inia, likanasa kwenye triga. Aliponyanyua, mtutu ukainamia upande wa mtungi, ikalia.

Mtungi ulipasuka. Atupele alianguka kifudifudi juu ya kakao, mzima, hana hata mchubuko, ila mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu anaingia chini ya kitanda. Sekela anasema maumivu hayakuja mara moja. Aliona kitenge kinalowa akadhani ni maji ya mtungi.

Kama yangeishia hapo, kaka, ningelia kisha ningesema ni ajali. Baba naye alikuwa binadamu, angeweza kusahau risasi ndani. Lakini mkambeba kwa bodaboda, mama aliyeitwa kutoka mtoni akiwa amemshikilia, na kabla hawajafika hospitalini ukawa umempigia mama simu kwamba aseme ni mkanda wa mashine ya kukoboa. Daktari akauliza. Akauliza tena. Sekela alikuwa hajitambui, na mama akasema alichoambiwa na mwanawe aliye kwenye kiti cha mumewe. Ulijua mkitaja risasi mtaambiwa mpitie polisi mchukue fomu, na polisi wangeuliza bunduki ni ya nani. Basi akatibiwa jeraha la mashine. Chembe za risasi zikabaki ndani ya kiganja, mkono ukavimba, ukaanza kunuka, na alipopelekwa Mbeya wakamfungua upya. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vidole viwili vilichukuliwa na bunduki. Cha tatu mlikichukua ninyi.

Nilikuja Mbeya. Nilikaa naye mpaka alipoweza kuketi mwenyewe. Alikuwa anajifunza kufunga kitenge kwa mkono mmoja na meno, na kila kikidondoka anacheka ili nisilie, na mimi nacheka ili asijue. Watu wameuliza kwa nini sikuteremka Kyela wakati nilikuwa nimeshafika jirani. Naeleza bila aibu: niliogopa nafsi yangu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Bunduki yangu ilikuwa Mpanda, ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo umefichwa, na nilimshukuru Mungu kwamba barabara ya kuifikia ni ndefu. Nikapanda basi la kurudi huku.

Baba mdogo, shikamoo. Najua unatikisa kichwa, na najua utakachosema kikaoni, kwa sababu ulishanitumia ujumbe. Kwamba ulisema tangu zamani bunduki ni kitu cha shetani, zikusanywe zote, ya marehemu na ya Lusajo, zikatupwe ziwani. Wewe ni mwinjilisti na nakuheshimu, lakini shamba lako liko juu kwenye migomba. Kiboko hajawahi kukutembelea. Mtu aliyeamka akakuta mpunga wa mwaka mzima umekanyagwa ukawa tope huwezi kumwambia akapige debe. Viboko wetu wamezoea debe, wakilisikia wanajua wamefika. Na mimi huku nisingekuwa na bunduki, ningekuwa nalimia nguruwe. Naipenda bunduki yangu, naisafisha kwa mkono wangu, na aliye na haki ya kuwa nayo asinyang'anywe kwa sababu ya kosa la mwingine.

Lakini na wewe kaka, usifurahi haraka. Umesema mara nyingi kwamba serikali haina kazi na kitu kilichoko ndani ya nyumba ya mtu, kwamba masharti yote haya ni ya kuwasumbua maskini. Kusumbua yanasumbua. Mimi nimepita njia hiyo. Kijijini, kwenye kamati ya usalama ya kata, polisi wilayani, njoo kesho, afande hayupo, njoo wiki ijayo. Mara ya kwanza walinirudisha kwa sababu sikuwa na sanduku la chuma la kuifungia, na barabarani nikirudi nilitukana mpaka baiskeli ikaona aibu. Wakitaka watu watii, wasogeze mambo hayo karibu na vijiji na wapunguze njoo kesho. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini mlango ukiwa mgumu kufunguka, mtu hupiga kelele utengenezwe, habomoi ukuta wa nyumba akaingilia huko.

Na kuna kitu kimoja kwenye masharti yale kilichonikera kuliko yote, ambacho sasa ndicho nakiheshimu kuliko yote. Alikuja askari, mama wa makamo, kuangalia nyumba yangu. Akaona sanduku, akalitikisa, akaridhika. Kisha akaenda kwa majirani akawauliza kama nikilewa nagombana. Kisha akamwita Sekela, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akakaa naye nje peke yao. Nikamsikia akimuuliza, "Mumeo ukimwambia hapana, anasikia?" Nilijiona nimevuliwa nguo. Mke wangu aulizwe kama mimi nafaa! Sekela akafikiri, kisha akasema, "Anasikia, ila akishamaliza kununa." Yule mama akacheka, akaandika, nikapewa.

Swali lile ndilo sheria yote, kaka. Bunduki apewe mtu anayeweza kuambiwa. Kila mwenye bunduki siku moja atasahau, hata mimi nitasahau, na siku hiyo awepo mtu wa kusema, wewe, umeacha risasi ndani. Wewe tulikuweka mahali ambapo wake za ndugu zako hawaruhusiwi kufungua mdomo mbele yako, kisha tukakukabidhi kitu ambacho kinamtaka mtu wa kukukumbusha. Mkuki ungeweza kukaa hapo miaka mia bila tatizo. Desturi ya kwetu ilitengenezwa kabla ya kitu hiki kufika, na hakuna mzee aliyeuliza kama vinaweza kukaa chumba kimoja.

Sitaki makubwa. Silaha iwe na mwenyewe mmoja aliye hai, aliyefundishwa, anayejulikana. Akifa, irudi kituoni ndipo ukoo ugawane mashuka. Ifungiwe, na risasi zikae mbali nayo. Isiazimwe. Jirani yangu huku akisumbuliwa na nguruwe ananiita, naenda mwenyewe na bunduki yangu, nafukuza, narudi nayo. Alininunia mwanzoni akasema najifanya bwana mkubwa. Nikamwacha anune, kununa hakutoboi mtu. Na kila baada ya muda waje waangalie tena macho yangu, akili zangu na nyumba yangu, kwa sababu mtu aliyefaa mwaka huu anaweza asifae mwaka kesho. Hayo yote niliyalaani yaliponihusu. Nenda kamwambie Sekela ni usumbufu.

Sasa nasikia mmemwita Jumapili aombe radhi mbele ya ukoo kwa kugusa kitu cha mkwe wake. Yeye, aliyefunga mkono kitenge ili asikiguse! Kama asingekuheshimu angeishika kwa mikono yote miwili kama kuni, na leo angekuwa na vidole kumi. Heshima yake ndiyo iliyomkata, na ninyi mnamtoza kwa kukosa heshima. Nimesoma ujumbe huo wa kumwita mara nyingi na kila mara nashindwa kuamini kwamba umeandikwa na mtu tuliyelala naye kitanda kimoja. Hataomba radhi. Mimi simruhusu, na yeye hajaniomba ruhusa.

Nikwambie nilichofanya, ili usije ukasikia kwa wengine. Nimekwenda kituo cha polisi hapa, nikaandikisha maelezo kwamba silaha ninayomiliki ni moja, iko kwenye sanduku lake, na kwamba ile ya marehemu baba si yangu, haina leseni ya mtu aliye hai, na iko nyumbani Kyela. Afande akaniuliza kama najua ninamtia nani matatani. Nikamwambia ni kaka yangu, aliyekuwa akinibeba mgongoni tukivuka mto Mbaka kwenda shule. Akaandika. Nilipotoka nilikaa kwenye ngazi pale nje.

Bado una nafasi. Ukiipeleka mwenyewe kituoni, ukiongozana na mtendaji, ukasema ukweli wote pamoja na ule wa mashine, utakuwa mtu aliyesalimisha. Wakija kuifuata, utakuwa mtu aliyeficha. Na ukishaisalimisha ukataka kuomba leseni yako kwa jina lako, sitakuzuia. Nitakwenda kwa fundi wa huku anitengenezee sanduku la chuma kama langu, nitalileta mwenyewe na kukusaidia kulifunga ukutani. Viboko hawajahama, nalijua hilo. Ila ujue kuna askari atakuja kuuliza watu wa nyumbani kwako kama ukiambiwa hapana unasikia. Fikiria nani atamjibu, na atajibu nini.

Mama, najua unalia hapo ulipokaa. Ndaga fijo, asante sana, kwa kulala sakafuni kando ya kitanda cha mke wangu usiku wote ule. Uongo wa mashine sikuhesabii. Ulibebeshwa. Shemeji yangu, mke wa kaka, nakushukuru kwa kumwogesha Sekela na kumsuka nywele aliporudi kutoka Mbeya, na kwa kumpa kitenge chako kipya. Binti mkubwa wa kaka, wewe uliyetumwa bandani, mwanangu, hukukosea chochote, ulisema ulichotumwa na kama hukumaliza si kosa lako. Mwenye bodaboda, jirani yetu, nasikia shati lako halikufaa tena, nitakuletea jingine nikija. Baba mdogo, tuombee, hata kama hatukubaliani. Shemeji Gwakisa, ndaga kwa kumpokea dada yako na Atupele hapo Mbugani, na kwa kuyasoma haya ambayo hayasomeki kwa raha. Atupele mwambieni baba anakuja kabla ya mvua nyingine.

Limebaki neno moja, kaka, nalo si langu. Sekela alinikataza nisilichanganye na mengine.

Anasema siku ile, kabla hajafungua kitenge, alitazama bandani. Ulikuwa umeshika kikombe. Ulimwona. Uliona anakoelekea, na ulijua kilichomo ndani ya mtutu. Alisimama akangoja useme neno, ulitupe kwa mgeni, ulitupe kwa mtoto, hata ukohoe. Na wewe, kama heshima inavyotaka, ukageuza uso.

Jumapili atakuja. Hatajifunika, wala hatapita pembeni. Atasimama mbele yako na mkono wake uliofungwa, atakuita kwa jina lako, Ipyana, na atakuuliza kwa nini ulinyamaza. Mjibu.

Mdogo wako,
Lusajo